Hivi Ndivyo Ndai ya Kubonyeza Hujua Uko na Key, na Vile Wakora Huicheza

Ukishika mlango, ndai yako hutuma mawimbi dhaifu ya redio, mara nyingi kilohezi 125 hivi, yanayofika kama mita moja au mbili tu. Rimoti ikiyaskia mfukoni inajibu kwa kodi ya siri. Kodi ikikubaliwa, mlango unafunguka. Bonyeza kitufe, injini inawaka.

Shida iko hapa: gari nyingi hazipimi rimoti iko mbali aje, zinangoja jibu tu. Mkora mmoja anasimama na mtambo kando ya gari, mwenzake karibu na mlango wa keja yako. Wanapitishiana mawimbi, gari inadhani ni wewe.

Usiku, weka rimoti kwa mkebe wa chuma wenye kifuniko. Ijaribu kwanza: beba mkebe hadi kwa gari. Mlango ukifunguka, tafuta mwingine.