Kabla ya Muhuri wa Wakili

Mtu ateremkaye kutoka Marangu hadi Moshi mjini, mkononi ana hati ya kiapo juu ya kihamba, yaani shamba la ukoo, cha marehemu babake, hudhani muhuri ndio kila kitu. Kumbe muhuri ni tamati tu. Wakili aliye kamishna wa viapo sharti kwanza amtambue mwapaji, ama kwa kumjua mwenyewe, ama kwa kutambulishwa na mtu amjuaye. Ndipo amwapishe, naye atie sahihi, au dole gumba, mbele ya macho ya wakili. Sura ya 12 ya sheria za Tanzania yamlazimu wakili aandike kwa ukweli mahali na tarehe ya kiapo. Karatasi iliyosainiwa nyumbani, ikaletwa na mjumbe, haifai, hata ada ikiwa imelipwa.