Risasi ya Kasi na Upepo wa Ubavuni

Mlenga shabaha wa Kisii au Nyamira anayetafuta risasi za bei nafuu huishia kwenye .22 Long Rifle, iliyobuniwa Marekani mwaka 1887. Hapo atakuta ya kawaida, inayotoka mtutuni kwa takriban mita 325 kwa sekunde, na ya kasi, takriban mita 380. Kwa kuwa sauti husafiri mita 343 kwa sekunde kwenye nyuzi 20 za Selsiasi, ni hii ya pili tu inayoipita, na wengi huitaka wakidhani mbio ndiyo usahihi. Nadhani wanakosea, na shahidi wangu ni upepo. Wao husema kinachowahi kufika hakipati muda wa kusukumwa. Lakini upepo wa ubavuni huipotosha risasi kwa kadiri ya ucheleweshaji wake: tofauti kati ya muda halisi wa safari na ule ambao ingetumia kama hewa isingekuwapo. Kasi ikikaribia ile ya sauti, na hata ikiizidi kidogo, ukinzani wa hewa hupanda ghafla. Ndiyo maana iliyoanza mbio hucheleweshwa zaidi. Kwenye mita 100, upepo wa mita 4 kwa sekunde huipotosha karibu sentimita 3 zaidi kuliko mwenzake wa polepole. Tena hushuka chini ya kasi ya sauti ikiwa bado njiani, na mpito huo huweza kuiyumbisha.

Mtu atapinga kwamba hesabu hiyo ni ya pwani. Kweli, mjini Kisii, mita 1,700 hivi juu ya bahari, hewa ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa karibu sehemu moja ya sita. Nafuu hiyo, hata hivyo, huzifikia risasi zote mbili. Wala mwinuko wenyewe haubadilishi kasi ya sauti. Kinachoamua ni joto: asubuhi ya nyuzi 12 Nyamira ni mita 339, mchana wa nyuzi 28 ni 348, na risasi ya kawaida hubaki chini ya zote. Kwa mita 300 mambo ni mengine, kwani hapo hutakiwa risasi inayobaki juu ya kasi ya sauti hadi mwisho, kama .303 Mark VII ya jeshi la Uingereza, iliyotoka kwa karibu mita 740. Lakini baruti yake nyingi na ganda lake kubwa la shaba hupandisha bei. Kwa mita 50, ile ya kasi ikiwa rahisi dukani, inatosha kwa mazoezi. Na kwa kuwa cheti cha silaha chini ya Sura ya 114 ya Sheria za Kenya huweka kikomo cha risasi, ningekijaza kwa za toleo moja la kiwanda.