Maharagi na Wali Katika Sahani Moja

Mara nyingi mama anauliza hivi: «Mimi sina pesa ya kununua nyama. Basi watoto wangu watapata nguvu namna gani?» Ulizo hili ni zuri, na jibu lake si mbali. Pengine liko ndani ya mufuko unaokaa katika pembe ya jiko lako. Soma habari hii polepole, halafu umusomee jirani yako asiyejua kusoma.

KUSHIBA SI KUJENGWA

Kuna vyakula vya namna tatu. Vyakula vya kutia nguvu ni mihogo, muchele, mahindi, viazi, ndizi na mafuta. Vyakula vya kulinda mwili ni mboga za majani na matunda. Vyakula vya kujenga mwili ni nyama, samaki, mayai, maziwa, karanga na maharagi. Mwili unahitaji zote tatu.

Mutu anayekula bugali ya mihogo tupu anashiba, lakini mwili wake haujengwi. Kitu kinachojenga mwili, wanganga wanakiita protini. Katika gramu 100 za unga wa mihogo kuna karibu gramu 2 tu za protini. Katika gramu 100 za muchele kuna karibu gramu 7. Lakini katika gramu 100 za maharagi makavu kuna zaidi ya gramu 20.

Ninyi watu wa Kivu mnajua ugonjwa wa bwaki. Miguu ya mutoto inavimba, nywele zake zinakuwa laini na nyekundu, ngozi inababuka, naye anakaa kimya, hataki kucheza. Munganga Cicely Williams aliandika habari za ugonjwa huu katika mwaka wa 1933, alipofanya kazi katika inchi inayoitwa leo Ghana. Wamama wa kule waliuita kwashiorkor, ni kusema ugonjwa wa mutoto anayeachishwa ziwa wakati mudogo wake anapozaliwa. Mutoto huyu alikuwa na maziwa ya mama, na sasa anapewa chakula cha kushibisha tu. Hapo hatari inaingia nyumbani.

KWA NINI VIWILI PAMOJA?

Protini ni kama nyumba iliyojengwa na matofali ya namna nyingi. Muchele una matofali, lakini namna moja inapunguka. Maharagi yana namna ile kwa wingi, lakini namna ingine inapunguka, nayo inapatikana katika muchele. Ukivila vyote viwili, kimoja kinasaidia kingine, na mwili unaweza kujenga vizuri. Ukikosa muchele, mahindi yanafanya kazi ileile pamoja na maharagi.

GINSI YA KUPIKA

Kwa watu 6 utahitaji vikombe 2 vya maharagi makavu, vikombe 3 vya muchele, kitunguu 1, nyanya 3, vijiko 3 vya mafuta ya mawese, fungu kubwa la lengalenga au matembele, chumvi yenye iodi, na ndimu 1.

1. Jioni, chagua maharagi. Toa mawe na mbegu zilizooza. Osha, tia ndani ya maji mengi, funika, uache mpaka asubui.

2. Asubui, mwanga maji yale. Tia maji mapya. Maharagi yaliyolowana yanaiva upesi, hayamalizi kuni wala makala, na hayasumbui tumbo sana.

3. Acha yatokote kwa nguvu kwanza, si chini ya dakika 10. Usisahau neno hili. Maharagi mabichi yana sumu inayoleta kutapika na kuhara, na moto mudogo hauiondoi. Kisha punguza moto, upike mpaka yawe laini kabisa. Bonyeza haragi moja kwa vidole viwili. Kama linapondeka bila shida, limeiva.

4. Katika sufuria ingine, pasha mawese kwa moto kidogo, kaanga kitunguu na nyanya, changanya na maharagi, tia chumvi. Usichome mawese mpaka yawe meupe. Rangi ile nyekundu ndiyo yenye vitamini A inayolinda macho ya mutoto. Ukiichoma, umeiharibu.

5. Pika muchele katika vikombe 6 vya maji, funika, moto uwe mudogo. Kama una muchele uliotwangwa nyumbani, usiutwange mpaka uwe mweupe kabisa. Katika ngozi yake kuna vitamini nzuri.

6. Osha mboga kabla ya kuikata. Ipike dakika chache tu pamoja na maji kidogo, wala usimwange maji yale.

Sasa gawanya. Katika kila sahani weka mafungu 2 ya wali, fungu 1 la maharagi, na fungu 1 la mboga. Kamua ndimu juu yake. Maji ya ndimu yanasaidia chuma kilicho ndani ya maharagi kuingia katika damu. Lakini chai na kahawa zinakizuia, kwa hiyo ngoja saa moja kabla ya kuzikunywa.

SUPU SI MAHARAGI

Katika nyumba nyingi baba na wageni wanapata maharagi, na mutoto mudogo anapata bugali pamoja na supu yake. Watu wanasema: «Maharagi ni magumu kwa tumbo lake.» Lakini protini nyingi imebaki ndani ya mbegu, haiko katika supu. Mutoto yule yule anayehitaji kujengwa kuliko wote, ndiye anayenyimwa.

Fanya hivi. Mutoto akitimiza miezi 6, endelea kumunyonyesha, na umuanzishie chakula. Ponda maharagi yaliyoiva sana, yapitishe katika kichungio ili maganda yatoke, changanya na wali laini na kijiko cha mawese. Umupe kidogo kidogo, mara nyingi kwa siku. Nawa mikono kwa sabuni kwanza. Endelea na ziwa mpaka miaka 2 au zaidi.

Tena, umupe sahani yake mwenyewe. Wakubwa na wadogo wakila katika sahani moja, wakubwa wanamaliza upesi, na mudogo analamba vidole. Wewe baba, angalia jambo hili.

MAONYO TATU

Wali uliobaki usilale inje ya baridi mpaka kesho yake. Unaweza kupata sumu ambayo haiondoki hata ukiupasha moto tena. Pika kiasi cha kumalizwa siku ile.

Maharagi na muchele ni chakula chema, lakini mimea haina vitamini B12. Ukipata yai, ndagala au maziwa, umupe kwanza mutoto na mwanamuke mwenye mimba.

Mutoto aliyekwisha kuvimba miguu, usijaribu kumuponyesha nyumbani kwa maharagi. Umulete hospitali leo, si kesho. Tumbo lake limezoofika, na anahitaji kwanza maziwa ya namna yake pamoja na dawa, kwa kipimo cha munganga.

Neno moja kwa wenye mashamba. Wakati wa mavuno, watu wengine wanapeleka maharagi yote sokoni, kisha wananunua sukari na mukate mweupe. Uza, maana nyumba inahitaji pesa ya masomo na ya nguo. Lakini pima kwanza sehemu ya watoto, uifungie katika mufuko wake, na mufuko ule usihesabiwe kati ya vitu vya kuuza.

MAULIZO YA KUKUMBUKA

Kwa nini tunakula maharagi pamoja na wali? Kwa nini maharagi yanapashwa kutokota kwa nguvu? Tunafanya nini kama miguu ya mutoto inavimba? Na katika nyumba yako, jioni hii, ni nani atakayekula supu tu?