Matamshi ya Kiingereza cha anga yasiwe fimbo ya kumchapia mwanafunzi

Nilipokuwa kidato cha pili, katika miaka ya tisini, mwalimu wetu wa Kiingereza alituletea kifungu cha ufahamu kuhusu safari za angani. Zamu ya kusoma kwa sauti iliniangukia pale palipoandikwa kwamba roketi ilikuwa tayari kurushwa. Neno lenyewe lilikuwa "launch". Nami, mtoto niliyejifunza kusoma kwa Kiswahili, lugha ambayo kila irabu ina haki yake ya kusikika, nikalitamka "la-unchi". "Soma tena, bwana mdogo," akasema mwalimu. Nikatahayari, nikakimbilia neno la jirani nililolifahamu vyema zaidi, nikasoma "lunch". Darasa zima liliangua kicheko, na mwalimu, badala ya kulinyamazisha, akauliza iwapo roketi hiyo ilikuwa imeandaliwa ugali au githeri. Jina la Lanchi lilinifuata hadi nilipomaliza kidato cha nne. Hilo si kitu. Kilichonidhuru ni kwamba kwa muda wote uliosalia wa mwaka huo sikuinua mkono tena, si katika Kiingereza, si katika fizikia, ambako maneno yale yale yalikuwa yakinivizia.

Kisa hiki nilikuwa nimekwisha kukisahau, au nilijidanganya kwamba nimekisahau, hadi muhula uliopita nilipokwenda kuwakagua wanafunzi wetu wa chuo kikuu waliokuwa katika mazoezi ya kufundisha. Katika shule moja, nikiwa nimeketi nyuma ya darasa, msichana alisimama kuuliza swali. Alitaka kujua kwa nini "satellite" haianguki ilhali haina mabawa wala kamba ya kuining'iniza. Neno hilo alilitia mkazo katika silabi ya kati. Mwalimu mwanagenzi akamsahihisha. Akarudia vile vile. Akasahihishwa tena. Mara ya tano binti aliketi, na swali lake, lililokuwa zuri kuliko yote niliyoyasikia siku hiyo, likaketi pamoja naye. Hakuna aliyelijibu.

Nalijibu hapa, maana ni deni. Setilaiti huanguka daima. Kituo cha Kimataifa cha Anga, kilicho takriban kilomita 400 juu yetu, huenda kwa kasi ya karibu kilomita 28,000 kwa saa. Kadiri kinavyovutwa chini, huwa kimekwisha kusonga mbele kiasi kwamba uso wa dunia, kwa kuwa ni wa mviringo, nao umepinda chini yake kwa kadiri ile ile. Basi huanguka bila kuifikia ardhi, na kuizunguka dunia mara moja katika muda wa dakika 90 hivi. Maelezo haya yangechukua dakika mbili. Masahihisho ya mkazo yalichukua tano.

Sidai kwamba matamshi hayana maana. Isimu ndiyo kazi inayonilisha, na mtu hakati tawi alilolikalia. Ninalouliza ni hili: katika matamshi ya Kiingereza cha anga, ni lipi linalostahili jasho la mwalimu, na ni lipi linaloweza kungoja?

Chukueni mfano wa sentensi mashuhuri kuliko zote zilizopata kutamkwa nje ya dunia hii. Alfajiri ya tarehe 21 Julai 1969, kwa saa za Afrika Mashariki, Neil Armstrong alishuka ngazi ya chombo chake akakanyaga mwezi. Alikusudia kusema kwamba hatua ile ilikuwa ndogo kwa mtu mmoja na kubwa mno kwa wanadamu. Lakini waliomsikiliza kutoka umbali wa takriban kilomita 384,000 hawakulisikia lile neno dogo la Kiingereza "a", ambalo ndilo hulitenga "man" la mtu mmoja na "man" la wanadamu wote. Bila neno hilo, sentensi inajipinga yenyewe. Armstrong alishikilia kwamba alikuwa amekusudia kulisema. Mwaka 2013 wanafonetiki wa Marekani walieleza kwamba katika usemi wa watu wa Ohio, jimbo alikokulia, neno "for" na maneno "for a" huweza kutamkwa kwa namna inayokaribiana mno, hata sikio lisiweze kuamua. Hapo ni Mwamerika mzawa, anayezungumza lugha ya mama, na irabu moja imezua mjadala wa zaidi ya nusu karne. Hakuna aliyemwita Lanchi.

Mwanafunzi wetu ana kasoro iliyo kinyume cha ile ya Armstrong. Yeye hamezi irabu hata moja. Humpa kila herufi riziki yake, kama Kiswahili kilivyomlea. Jambo hilo humfanya asikike mgeni, lakini mara chache humfanya asieleweke.

Linalomfanya asieleweke ni mkazo. Katika Kiswahili mkazo una makao yake: silabi ya pili kutoka mwisho, isipokuwa maneno machache sana. Mwanafunzi huubeba utaratibu huo mzima mzima na kuupeleka kwenye Kiingereza. Wakati mwingine hufaulu bila jasho. "Rocket", "planet", "comet" na "orbit" yote yana silabi mbili na mkazo wake uko katika ya kwanza, ambayo ndiyo ya pili kutoka mwisho. Huko Kiswahili na Kiingereza vinapeana mkono. Matata huanza pale neno linapofikia silabi tatu. "Satellite", "gravity", "telescope", "astronaut", "atmosphere", "galaxy": haya yote yana mkazo katika silabi ya kwanza, na hapo ndipo binti yule aliponaswa. Hakuwa mzembe. Alikuwa akitii sheria ya lugha yake kwa uaminifu mkubwa, na laiti mwalimu wake angemwambia hivyo, angekosoa kosa bila kumkosoa mtu.

Tazameni sasa jambo linalonifurahisha kila ninapolifundisha. Maneno hayo hayo yakivaa kiambishi "-ic", mkazo hurudi nyumbani kwetu. Kutoka "telescope" tunapata "telescopic", kutoka "atmosphere" tunapata "atmospheric", kutoka "galaxy" tunapata "galactic", na mkazo umekaa katika silabi ya pili kutoka mwisho, kana kwamba ni Kiswahili cha Mvita. Vivyo hivyo maneno yaishiayo kwa "-ation": "exploration", "gravitation", "constellation", "rotation". Yapo machache yanayovunja utaratibu wa "-ic", lakini machache hayaangushi kanuni. Mwanafunzi akielezwa haya, atagundua kwamba sehemu nzuri ya msamiati mgumu wa anga anaitamka sawasawa tangu siku alipozaliwa. Ni mwalimu gani aliyewahi kumpa habari hiyo njema?

Liko pia suala la "th". Kiingereza huandika sauti mbili kwa herufi zile zile. "Thrust", yaani nguvu inayoisukuma roketi, huanza kwa sauti ya thamani. "The" huanza kwa sauti ya dhahabu. Kiswahili, kwa hekima yake, kimezitenga sauti hizo katika maandishi. Kwa hiyo anayetamka "thelathini" vizuri tayari analo neno "Earth" kinywani, na anayesema "selasini" atasema "ers". Dawa ya huyu wa pili iko katika somo la Kiswahili, chumba cha pili, na walimu wa masomo haya mawili wangefaa kunywa chai pamoja mara kwa mara kuliko wanavyofanya.

Hata hivyo, matamshi bila maana ni kasuku. Nimekutana na wanafunzi wa mwaka wa kwanza wanaotamka "planet" vizuri kabisa, na ukiwauliza ina tofauti gani na nyota wanatazamana. Ilhali neno lenyewe lilitoka kwa Wayunani, likiwa na maana ya mtangatangaji, kwa sababu walizitazama nyota nyingi zikikaa katika mpango wake huku chache zikihamahama. Sayari, neno tulilolipata kwa Waarabu, lina asili katika kitenzi chenye maana ya kwenda. Wazo ni lile lile, ila limepitia bandari nyingine. Neno hilo hilo la Kiarabu ndilo linaloitwa leo motokaa, nako si kupotoka. "Astronaut" ni maneno mawili ya Kiyunani yenye maana ya baharia wa nyota. Watu wa pwani hawana haja ya kushangaa, kwani rubani wetu alikuwa mwelekezaji wa majahazi kabla hajapanda ndege. "Satellite" lilitoka kwenye Kilatini, likiwa jina la mlinzi aandamanaye na mkubwa wake. Mwanzoni mwa karne ya 17 Johannes Kepler akaipa jina hilo miezi inayoizunguka Mushtari. Mpambe, basi. Mwanafunzi aliyewaona wapambe wa mwanasiasa hatasahau tena setilaiti hufanya nini. Na "zenith", neno ambalo wengi hulitamka kwa unyenyekevu kama kwamba limeshuka kutoka London, ni Kiarabu kilichoharibiwa na wanakili wa Ulaya, na maana yake ya asili ni njia ya juu ya kichwa. Waswahili husema jua la utosi.

Wenzangu watanikumbusha mtihani. Naukumbuka. Karatasi ya Kwanza ya Kiingereza katika KCSE imekuwa ikiyapima matamshi kwa kalamu, mtahiniwa akitakiwa kuonyesha mkazo au kutaja maneno yanayolingana kwa sauti, bila kufungua kinywa. Lakini huko duniani, vinywa vinapofunguliwa, vipimo ni vya kiungwana zaidi. Shirika la kimataifa la usafiri wa anga, ICAO, linakubali kwamba matamshi ya rubani yaathiriwe na lugha yake ya kwanza, mradi yasizuie uelewano ila mara chache. Katika Kituo cha Kimataifa cha Anga, ambako watu wameishi mfululizo tangu Novemba 2000, wanaanga Wamarekani na Warusi huchanganya Kiingereza na Kirusi katika mazungumzo yao, na chombo hakijaanguka kwa sababu hiyo.

Wala si kweli kwamba katika elimu hii sisi ni wa kupokea tu. Tarehe 12 Desemba 1970, miaka 7 kamili tangu Kenya ijipatie uhuru, setilaiti ya Marekani ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, mali ya Waitaliano, lililosimama baharini karibu na Malindi. Ilikuwa ya kwanza kuundwa mahususi kwa kuchunguza miale ya eksirei itokayo angani, na kwa heshima ya siku hiyo iliitwa Uhuru. Ilifanya kazi hadi mwaka 1973, na orodha yake ya mwisho ilikuwa na vyanzo 339 vya miale hiyo. Mpaka leo wanaastronomia hutaja vyanzo hivyo kwa alama ya 4U: toleo la nne la orodha ya Uhuru. Kuna profesa mahali fulani, sina shaka, anayelitamka jina hilo kwa mkazo usio wake, na hakuna darasa linalomcheka. Wala mimi sitamcheka. Nitamwambia tu kwamba mkazo uko kwenye "hu".

Walimu wenzangu, jaribuni jambo moja wiki hii. Andikeni ubaoni "astronomy", "astronomer" na "astronomical". Waambieni wanafunzi wayasome pamoja, darasa zima kwa sauti moja, wakigonga dawati kwa kiganja kila wanapofika penye mkazo, ili kosa la mmoja limezwe na kishindo cha wengi. Watauona mkazo ukikaa katika silabi ya pili kwenye maneno mawili ya kwanza, kisha ukaruka hadi ya tatu. Halafu wekeni chaki chini na mwulize ni nani mwenye swali kuhusu nyota. Atakayeinua mkono, mwacheni aulize mpaka mwisho, kwa mkazo wowote alionao. Kengele ikilia kabla hamjamjibu, mjibuni kesho asubuhi.