Picha na Kompyuta (4): Jina la Mtu Likae Ndani ya Picha

Tangu Adobe itangaze, Desemba 2024, kwamba kifurushi chake cha wapiga picha cha GB 20 hakitauzwa tena kwa wateja wapya kuanzia Januari 2025, wasomaji wamekuwa wakiuliza: sasa tutumie programu gani? Programu yoyote mimi huipima kwa swali moja: jina la mtu aliye pichani inaliweka wapi?

Ugonjwa wa kupoteza majina haukuanza na kompyuta. Mwishoni mwa karne ya 19, studio ya A. C. Gomes pale Unguja ilikuwa ikipiga picha na kuziuza. Kadi za posta za Zanzibar ya zama zile bado zinatafutwa na wakusanyaji wa Ulaya. Mara nyingi utamwona mwanamke kasimama na kanga zake, majasi masikioni, nywele kasuka, na chini pameandikwa kuwa ni mwanamke wa Kiswahili. Basi. Hana jina, mtaa wala ukoo. Msuko unauona mstari kwa mstari, lakini kitukuu wake hana njia ya kumtambua.

Capital Art Studio, aliyoifungua Ranchhod Oza mwaka 1930 na kurithiwa na mwanawe Rohit, ilipiga picha za masultani na za watu wa mjini pia. Sultani anajulikana hata bila maandishi. Bibi harusi wa kawaida anamtegemea aliyeshika penseli siku ile.

Wanahabari waliliona tatizo mapema. IPTC, baraza lao lenye makao London, liliweka mwanzoni mwa miaka ya 1990 utaratibu wa kuandika maelezo ya picha, jina na mahali visafiri pamoja nayo. Kisha ikaja Picasa, programu ya kupanga picha. Google iliinunua mwaka 2004, ikaigawa bure, na mwaka 2016 ikaiacha. Maelezo ya picha iliyaandika ndani ya JPEG, hapo naisifu. Lakini majina uliyozipa sura za watu kwa kawaida iliyaweka kwenye faili lililofichwa, .picasa.ini, katika kila folda. Aliyenakili picha peke yake alihamia kompyuta mpya na ndugu wasio na majina. Kadi za posta tena!

Programu za leo nitazitaja kwa haraka. Lightroom Classic ya Adobe hutunza kila kitu kwenye katalogi yake. Bonyeza Ctrl na S ili maelezo yaingie kwenye JPEG. digiKam ni ya bure na huweza kuandika ndani ya picha, ila hakikisha mpangilio huo umewashwa. darktable huweka faili la maelezo (XMP) kando ya picha. Ukihamisha picha, lihamishe nalo. GIMP ni ya kurekebisha, si ya kupanga. WhatsApp huyafuta maelezo, kwa hiyo tuma picha kama dokumenti.

Kung'arisha rangi na kulainisha ngozi programu nyingi zinaweza, na ni aibu kulipia kila mwezi shavu la mtu tuliyeshindwa kumwandika jina.

Kabla hujalipa, andika jina kwenye picha moja, inakili kwenye kompyuta nyingine na uifungue kwa programu tofauti. Jina lisipoonekana, hela yako ibaki mfukoni.