Kabla ya kumpokonya mtoto hedifoni, mfundishe kupunguza besi

Desemba ikifika, mabasi yanayotoka Dar es Salaam kwenda Moshi hujaa familia zinazorudi nyumbani kwa Krismasi. Yanapita Chalinze, Korogwe, Same na Mwanga, na safari humaliza karibu siku nzima. Mama amepakata mdogo, baba amesinzia, na kijana wa kidato cha pili amekaa dirishani, hedifoni masikioni tangu basi lilipotoka stendi.

Injini inanguruma na runinga ya basi nayo inaimba wimbo wake. Kijana anabonyeza kitufe cha kuongeza sauti, halafu tena, halafu tena, mpaka abiria wa siti ya jirani anasikia "tsi, tsi, tsi" ikivuja.

"Punguza hiyo sauti, utaua masikio!"

"Mama, nikipunguza sisikii wanaimba nini."

Hapo wazazi wengi hunyoosha mkono na kuzichomoa. Mzazi hajakosea kuogopa, lakini jibu la mtoto nalo lina ukweli ndani yake. Mara nyingi mtoto hataki kelele. Anatafuta maneno ya wimbo au ya mwalimu, na maneno yamezama chini ya besi. Ndani ya simu yake kuna kifaa cha kuyatoa huko bila kuongeza sauti, nacho ni ekwalaiza, yaani kisawazishi cha sauti.

Safari moja inaweza kumaliza posho ya wiki

Shirika la Afya Duniani, WHO, limeweka kipimo rahisi kukumbuka. Kwa mtoto, sauti ya desibeli 75 inaweza kusikilizwa kwa saa 40 kwa wiki. Kila zinapoongezeka desibeli 3, muda huo unakatwa nusu. Kwa hiyo desibeli 78 ni saa 20, na desibeli 81 ni saa 10.

Rudi sasa kwenye basi. Mtoto akisikiliza kwa desibeli 81 kwa saa 10 za barabarani, ametumia posho yake yote ya wiki kabla hajashuka stendi ya Moshi. Akipandisha hadi desibeli 84, posho inaisha kwa saa 5, yaani nusu ya njia.

Ubaya ni kwamba sikio halidai siku hiyo hiyo. Ndani kabisa ya sikio kuna vijinywele vidogo sana vinavyopokea mtetemo na kuupeleka kwenye ubongo. Vikifa havioti tena. Mtoto anaweza kumaliza shule akiwa hajui kwamba amepoteza chochote, hadi siku anapoanza kusema "eti?" kila akiongeleshwa.

Fikiria kwaya ya sauti nne

Mzazi aliyewahi kuimba kwaya, na huku Kilimanjaro ni wengi, anaielewa ekwalaiza tayari. Kwaya ina sauti ya kwanza, ya pili, ya tatu na ya nne. Ikiwa wanaume wa besi wanawameza wenzao, mwalimu mzuri hawaambii soprano wapige kelele. Anawaonyesha besi mkono: shukeni kidogo. Mara moja maneno yanasikika, na hakuna aliyepaza sauti.

Ekwalaiza ndiyo mkono huo wa mwalimu. Inaigawa sauti katika mafungu, kuanzia mtetemo wa chini kabisa hadi mlio mwembamba wa juu, kisha inakuruhusu kupandisha au kushusha kila fungu peke yake. Waliokua na redio kaseti wanakumbuka vitufe viwili vya besi na trebo. Hii ni ileile, ila vitufe vimeongezeka.

Sikio la binadamu kijana husikia kuanzia mitetemo 20 kwa sekunde, yaani hezi 20, hadi hezi 20,000. Simu nyingi za Android huonyesha mafungu matano, na kila moja lina kazi yake:

Hezi 60 ni ngoma kubwa na mngurumo wa gitaa la besi.

Hezi 230 ni unene wa sauti ya kiume na wa ala za chini. Ikizidi, mwimbaji anasikika kama anaimba ndani ya pipa.

Hezi 910 ni kiini cha sauti ya mtu. Ikizidi, sauti inakuwa ya puani.

Hezi 3,600 ni uwazi wa maneno. Hapa ndipo sikio linapotofautisha "saba" na "shaba". Ndipo pia sikio linaposikia kwa ukali zaidi, kwa hiyo ikizidishwa inachosha haraka.

Hezi 14,000 ni mlio wa matoazi na ule wepesi wa juu. Wazazi wengi waliovuka miaka 50 hawalisikii tena fungu hili vizuri, kwa hiyo usishangae mwanao akisema kuna mabadiliko nawe usione kitu.

Hedifoni nyingi za bei ndogo zimetengenezwa zikiwa na besi nyingi, kwa sababu besi huvutia mnunuzi anapojaribu kwa dakika moja dukani. Nyumbani besi hiyo hiyo ndiyo inayofunika maneno.

Anza na mpira wa sikio

Kabla ya kugusa ekwalaiza, angalia hedifoni yenyewe. Zile ndogo za kuingiza sikioni huuzwa na vipira vya saizi tofauti. Kipira kisichoziba sikio huachia besi itoke na kelele za basi ziingie, kisha mtoto anapandisha sauti kufidia. Jaribu saizi zote, na usishangae sikio la kulia likitaka saizi tofauti na la kushoto. Futa pia nta iliyoziba wavu mdogo wa mbele, kwa kitambaa kikavu. Upande mmoja kusikika hafifu mara nyingi ni uchafu tu.

Kwa safari na sehemu zenye kelele, hedifoni inayoziba vizuri, au ile yenye uwezo wa kukata kelele za nje, ina faida kuliko yenye besi kubwa. Mtoto asiyeshindana na injini hana sababu ya kupandisha sauti.

Ipi ya kuchagua?

Ya kwanza kutafuta ni ile ambayo umeshailipia. Simu nyingi za Android zina ekwalaiza ndani ya mipangilio ya sauti. Kwenye iPhone ipo katika mipangilio ya programu ya Muziki. Baadhi ya programu za kusikilizia muziki nazo zina ya kwao, lakini hiyo hufanya kazi ndani ya programu hiyo tu na haigusi video za masomo.

Ya pili ni ya kampuni iliyotengeneza hedifoni. Sony, JBL na Soundcore, kwa mfano, wana programu za simu kwa hedifoni zao nyingi za Bluetooth. Uzuri wake ni kwamba marekebisho mara nyingi hubaki ndani ya hedifoni hata ukibadili simu. Ukitaka kununua hedifoni ya aina hiyo, muulize muuzaji kama programu ya kampuni inaitambua modeli hiyo, na ujaribu palepale dukani. Yenye jina kubwa ambayo programu ya kampuni haiitambui inastahili swali la pili kabla ya kutoa pesa.

Ya tatu ni programu ya kupakua. Hapa mzazi asome kabla ya kukubali. Ekwalaiza haina sababu ya kuomba majina ya watu kwenye simu, ujumbe wala mahali mtoto alipo. Ikiomba, ifute. Epuka pia zile zinazojisifu kuongeza sauti kwa asilimia 200. Hizo ndizo hasa unazokimbia.

Kwa mtoto mkubwa anayependa mambo haya, upo mradi wa bure uitwao AutoEq, wenye marekebisho yaliyokwisha kuandaliwa kwa maelfu ya modeli za hedifoni. Programu ya Wavelet ya Android inayatumia, na kwenye kompyuta ya Windows ipo Equalizer APO. Hedifoni za mtaani zisizo na jina haziko kwenye orodha hizo, na kwa hizo kazi itafanywa kwa masikio.

Kaeni pamoja dakika 20

Chagueni wimbo ambao nyote mnaujua maneno yake, au somo lililorekodiwa. Wekeni sauti ya simu nusu, na isipite asilimia 60. Kisha:

1. Rudisheni mafungu yote kwenye sifuri, na mzime kila kinachoitwa kuongeza besi, kupanua sauti au kupaza sauti. Vitu hivyo vikipandana na ekwalaiza hamtajua kipi kinafanya nini.

2. Shusheni hezi 230 kwa desibeli 2, kisha 4. Sikilizeni maneno. Kwa hedifoni nyingi za besi nzito, hapa ndipo mwimbaji anapotoka ndani ya pipa.

3. Shusheni hezi 60 kidogo kidogo hadi ngoma ibaki inasikika bila kutetemesha kichwa.

4. Kama maneno yanachoma, hasa kwenye "s" na "sh", shusheni hezi 3,600 kwa desibeli 2. Kama bado yamefifia, pandisheni kwa 2, si zaidi.

5. Zimeni na kuwasha ekwalaiza mara kadhaa mkilinganisha. Tahadhari: sikio hudhani chenye sauti kubwa ndicho kizuri. Mkishashusha mafungu, wimbo mzima utapungua kidogo, na mtoto atasema wa mwanzo ulikuwa bora. Mwambie asilinganishe ukubwa. Ajibu swali moja tu: maneno yanasikika wapi zaidi?

6. Acheni hivyo siku mbili. Sikio huzoea polepole. Anayetoka kwenye besi nyingi huona sauti safi kuwa kavu mwanzoni, kama aliyezoea chai yenye vijiko vitatu vya sukari.

Kanuni ya kukumbuka ni kushusha kabla ya kupandisha. Wimbo kwenye simu ni kama ndoo iliyojaa hadi ukingoni. Ukiongeza fungu lolote, maji yanamwagika, na kwenye sauti kumwagika huko ndiko kukwaruza unakosikia besi ikizidi. Ikibidi kupandisha fungu moja, na ekwalaiza ina kitelezi cha sauti yote, kishushe kwa kiasi hicho hicho.

Ekwalaiza peke yake haitoshi

Hapa mzazi asijidanganye. Kushusha besi hakulindi sikio kama mtoto ataendelea kupandisha sauti. Kinacholinda ni hatua inayofuata: maneno yakishasikika vizuri kwa asilimia 70, mtoto ajaribu 60, kisha 50. Kama mliyafanya marekebisho vizuri, atashuka bila kulalamika. Hiyo ndiyo faida mliyokuwa mnaitafuta.

Kisha funga mlango kwa kikomo. iPhone ina mpangilio wa kupunguza sauti kubwa za hedifoni kwa kiwango cha desibeli unachochagua. Simu nyingi za Samsung zina kikomo cha sauti ndani ya mipangilio ya sauti. Mweleze mtoto kwa nini unakiweka, ukikiweka mbele yake. Kikomo kilichowekwa kwa siri hugunduliwa, na mtoto aliyekigundua huanza kutafuta njia ya kukivunja.

Pangeni pia mapumziko. Safari ya Dar inaweza kugawanywa: hedifoni zinatoka basi linaposimama kwa chakula, na hazirudi hadi kituo kinachofuata mlichokubaliana. Usiku zisilale sikioni.

Ukiona hivi, usirekebishe simu

Zipo dalili ambazo hazitibiwi kwa ekwalaiza. Mtoto akisema masikio yanalia baada ya kuvua hedifoni, akipandisha runinga kuliko wengine wote nyumbani, akigeuza kichwa upande mmoja anapoongeleshwa, au mwalimu akisema haitiki akiitwa, mpeleke kituo cha afya sikio likaangaliwe. Mjini Moshi, hospitali ya KCMC ina idara ya masikio, pua na koo. Huenda ni nta tu, huenda ni maambukizi, lakini hilo litasemwa na aliyechungulia ndani. Njiti na pini za nywele zikae mbali.

Kwa mtoto anayesikia vizuri kwa sikio moja tu, simu ina msaada mwingine. Katika mipangilio ya ufikivu kuna sehemu ya kuunganisha sauti za kushoto na kulia ziwe moja, ili asipoteze nusu ya somo lililorekodiwa pande mbili.

Desemba ijayo basi litapita tena Same, mlima ukitafutwa dirishani, na kijana atakuwa na hedifoni zake. Mama akimgusa bega na kumwita jina kwa sauti ya kawaida, ageuke. Asipogeuka, sauti bado ni kubwa, na kuna vitelezi vya kushusha kabla ya kufika Moshi.