Utu wa Mvujajasho: Somo la Masoko ya Dar es Salaam

Azimio la Arusha la mwaka 1967 linatamka kuwa binadamu wote ni sawa. Je, mama ntilie anayetukanwa na kushikwashikwa akiwa kazini anaupata usawa huo? Tuchambue mambo mawili ya historia yetu.

Kwanza, mwaka 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana dhidi ya sketi fupi na mavazi mengine. Huko Kariakoo makundi ya vijana yaliwashambulia wanawake kwa jina la utamaduni. Nguvu ya umma isiyoheshimu utu hugeuka kuwa uonevu.

Pili, katika miaka ya 2010 wanawake wachuuzi wa masoko ya Ilala na Temeke, wakishirikiana na shirika la Equality for Growth, waliendesha kampeni ya "Mpe Riziki Si Matusi". Walipatikana wasaidizi wa sheria miongoni mwa wachuuzi wenyewe, na masoko yakajiwekea kanuni zenye adhabu. Wachuuzi hao walitambua kwamba tusi ni silaha ya kiuchumi: humfukuza mwanamke sokoni na kumnyang'anya riziki yake.

Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ipo tangu mwaka 1998. Lakini sheria haifiki Mbagala wala Tandale bila watu wa kuisimamia. Kwa hiyo kada aitishe mkutano wa mtaa, wanawake waseme kwanza, kanuni ziandikwe, na anayeonewa asiachwe peke yake.